Miale Haipigani Hewani, Basi Makosa Yanatoka Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki. Mradi wangu wa kumalizia shahada ni kuunganisha bodi mbili kwa mwanga badala ya waya. Upande mmoja kuna leza 16, zimepangwa nne kwa nne. Upande wa pili fotodiodi 16, yaani vipokezi vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Katikati ni hewa tu, milimita 25. Leza ni za nanomita 850, kutoka moja hadi nyingine ni mikromita 250, na kila moja ina lenzi yake. Kila chaneli inapitisha gigabiti 2.5 kwa sekunde. Nikiwasha chaneli moja peke yake, saa nzima inapita bila kosa hata moja. Nikiwasha zote 16, zile nne za katikati zinakosea biti moja katika kila laki moja, na baada ya nusu saa hali inazidi kuharibika. Msimamizi wangu anasema miale inaingiliana. Lakini sisi tulifundishwa kwamba miale miwili ikikatana hewani, kila mmoja unaendelea na safari yake kama kawaida. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili mko sahihi, na bado naona mwizi hamjamkamata.

Nianze na hilo ulilofundishwa. Ni kweli tupu. Washa tochi mbili gizani, zikutanishe katikati ya chumba: doa la kila moja ukutani halibadiliki. Hewani miale hupishana bila kudhuriana, na hiyo ndiyo sababu moja ya watu kuanza kuutamani mwanga tangu zamani, kwa sababu nyaya mbili haziwezi kupita mahali pamoja bila kugusana. Joseph Goodman na wenzake waliandika hoja hiyo kwa kirefu mwaka 1984, wakati chipu zilikuwa zimeanza kuzidiwa na nyaya zake zenyewe. Leza unazotumia wewe, zile zinazotoa mwanga kupitia juu ya chipu badala ya ubavuni, Kenichi Iga alizibuni Tokyo mwaka 1977.

Lakini safari ya mwali haiishii hewani. Inaishia kwenye fotodiodi, na fotodiodi ni ndoo tu iliyotegwa chini ya paa. Maji yakiingia yanahesabiwa; ndoo haiulizi yametoka paa la nani. Tone kutoka kwa jirani likianguka humo linakuwa sehemu ya maji yako. Kwa hiyo msimamizi wako naye ana hoja, ila neno “kuingiliana” limebeba mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Wanaokumbuka simu za mezani wanajua: “laini zimeingiliana” ilimaanisha unasikia harusi ya watu usiowafahamu, iwe ni waya uliochubuka, unyevu kwenye kisanduku cha mtaani au fundi aliyekosea kuunga.

Tuhesabu kwanza mwanga wa jirani, maana huo ndio unaoshtakiwa.

Leza yako inatoa mwanga kwenye tundu dogo sana. Chukua nusu-kipenyo cha mwali pale unapotokea kuwa mikromita 3. Mwanga uliobanwa kiasi hicho hautulii, hupanuka. Kwa nanomita 850 pembe yake inakuwa takriban nyuzi 5 kila upande, maana yake bila lenzi, baada ya milimita 25 doa lingekuwa na nusu-kipenyo cha zaidi ya milimita 2. Mwali mmoja ungefunika safu yako yote ya fotodiodi kama shuka. Ndiyo maana lenzi zipo.

Lenzi nayo haiondoi upanukaji, inaupunguza tu. Lenzi zako zina upana wa mikromita 250, yaani nusu-kipenyo 125. Nadhani ulifanya kama wengi wanavyofanya: ukaiweka lenzi ili mwali utoke “umenyooka”, labda na nusu-kipenyo cha mikromita 80. Mwali ulionyooka kabisa haupo. Ule wa mikromita 80 ukifika ng'ambo, milimita 25 baadaye, umekwisha kuwa 116. Kwa mwali wenye umbo la Gauss, yaani unaong'aa zaidi katikati na kufifia taratibu kuelekea pembeni, hapo karibu asilimia 10 ya mwanga inaangukia nje ya lenzi yake. Kila jirani wa ubavuni anapata kama asilimia 1.5. Na usijifariji kwamba mwanga huo utafika kwa jirani ukiwa umepinda, hivyo lenzi yake itautupa pembeni. Nimeipiga hesabu: pembe yake ni ndogo mno, na kwa lenzi yenye umbali wa fokasi wa milimita 0.9 hivi unasogea mikromita 5 tu kutoka katikati. Fotodiodi ya kawaida ya kasi hii ina kipenyo cha makumi ya mikromita, kwa hiyo unatua ndani bila kukosea.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa ulitazame kwa karibu. Kila mwali una mahali ambapo ni mwembamba kuliko kote, pale tunapopaita kiuno. (Kiuno cha mwali! Wenye Kiswahili chao wataniwia radhi, fizikia ndiyo iliyosema.) Wewe umekiweka kiuno kwenye lenzi ya kutolea. Kisogeze hadi katikati ya safari, milimita 12.5 kutoka kila upande. Ukichagua kiuno cha mikromita 58, mwali unafika kwenye kila lenzi ukiwa na mikromita 82: uliondoka na 82, ukasinyaa hadi 58, ukarudi 82. Mwanga unaomwagika nje unashuka kutoka asilimia 10 hadi 1, na gawio la jirani wa ubavuni linashuka kutoka 1.5 hadi takriban 0.12. Hujanunua kitu. Umeisogeza lenzi mikromita 30 hivi mbali na leza, basi. Nikiwa na kundi la wanafunzi mbele yangu hapa huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu wengi wao walikuwa tayari wameagiza lenzi mpya.

Uhalisia utakuwa mbaya kuliko namba hizo. Leza nyingi za aina hii hutoa zaidi ya umbo moja la mwali kwa wakati mmoja, na maumbo yaliyo tata hupanuka zaidi. Halafu ukingo wa lenzi ukikata mwanga, kinachokatwa hutawanyika pembeni kwa namna ambayo Gauss haionyeshi. Pima doa lako kwa kamera kabla ya kuamini karatasi. Kamera nyingi za simu za bei nafuu huiona nanomita 850 kama mwanga hafifu wa zambarau. Jicho lako halitauona vizuri na litaumia vilevile, kwa hiyo usichungulie.

Kisha kuna mpangilio. Kipande chenye leza kikiwa na upana wa milimita 10, upande mmoja ukiinuka mikromita 10 tu, sehemu ya kumi ya unene wa karatasi, umekwisha pata mlalo wa miliradiani moja. Ng'ambo, miale yote imesogea mikromita 25. Hata ukiwa na kiuno chako katikati, jirani wa upande huo anapanda kutoka asilimia 0.12 hadi 0.75, mara sita. Gundi inapokauka husinyaa, na husinyaa zaidi pale ilipowekwa nyingi. Mlalo mwingi ninaouona huzaliwa hapo, kwenye tone la gundi lililozidi pembe moja.

Sawa. Tumlipe msimamizi wako haki yake: chaneli ya katikati ina majirani wanne wa ubavuni, kila mmoja 1.5, jumla asilimia 6, na wale wa pembe za mshazari wanaongeza kidogo sana. Je, asilimia 6 inatosha kukuletea kosa moja kwa kila biti laki moja?

Haitoshi, wala haikaribii.

Chaneli yako ikiwa peke yake ilipitisha saa nzima bila kosa. Hizo ni biti trilioni 9. Kipokezi cha kawaida hakiwezi kufanya hivyo isipokuwa nusu ya mwanya kati ya sifuri na moja iwe kubwa kuliko kelele (mtikisiko wa ovyo wa umeme ndani ya kipokezi) zaidi ya mara 7. Kosa moja kwa laki linatokea uwiano huo ukishuka hadi kama 4.3. Kwa maneno mengine, kuna kitu kimekula takriban asilimia 40 ya mwanya wako. Mwanga wa majirani, hata wote wanne wakiwaka pamoja na wewe umezima, unainua sifuri yako kwa 6 tu. Nani kala hizo nyingine 34?

Umenipa vidokezo viwili. Cha kwanza, kwamba wanaoumia ni wale wa katikati, kinaonekana kumtia hatiani mwanga, kwani wa katikati ndio wenye majirani wengi. Lakini ndio pia wenye nyaya ndefu. Pedi za umeme za chipu hukaa pembezoni, na njia ya kutoka katikati hadi ukingoni hupita ubavuni mwa njia za wengine. Ushahidi huo unawafaa washukiwa wawili: mwanga unaovuja, na umeme unaovuja kutoka njia moja hadi nyingine.

Cha pili, nimekipenda zaidi: hali inaharibika baada ya nusu saa, yaani bodi ikipata joto. Fikiria. Leza hizi zikipata joto kwa mkondo uleule wa umeme, mwanga wake hupungua. Zote 16 zinapungua pamoja. Mwanga wako unapungua, na mwanga wa jirani unaokuvujia unapungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo asilimia 6 inabaki 6. Lakini mkondo unaoziendesha leza haujapungua hata kidogo. Kama uvujaji ni wa umeme, wenyewe umebaki vilevile huku ishara yako ikinyong'onyea. Ndicho unachokiona. Joto lingeweza pia kupinda bodi na kuharibu mpangilio, siwezi kulifuta hilo nikiwa mbali, ila kama ningekuwa natia dau ningelitia kwenye umeme.

Angalia ukubwa wa vitu. Leza moja inawashwa na kuzimwa kwa mkondo wa, tuseme, miliampia 5. Fotodiodi ikipata mikrowati 200 za mwanga inatoa kama miliampia 0.1. Tofauti ni mara 50. Asilimia 0.2 tu ya mkondo wa leza ikipenya hadi kwenye mlango wa amplifaya yako, imekwisha kuwa sawa na asilimia 10 ya ishara. Na kama vipokezi na leza vinatumia athi moja (njia ya pamoja ya kurudishia umeme), mambo ni mazito zaidi. Leza 16 kwa miliampia 5 ni miliampia 80. Uzi wa dhahabu unaounga chipu na bodi, urefu wa milimita moja, una takriban nanohenri moja, kipimo cha jinsi uzi unavyopinga mkondo kubadilika ghafla. Badilisha miliampia 80 ndani ya pikosekunde 100 kupitia uzi huo: volti 0.8. Kwako haitafika hapo, maana leza zote haziwaki kwa mpigo na bila shaka una nyuzi za athi zaidi ya moja. Chukua sehemu yake ya kumi basi. Milivolti 80 zinazorukaruka kwenye athi mbele ya amplifaya inayosubiri milivolti chache!

Naongea kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Enzi zangu, kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, nilitumia wiki mbili kung'arisha lenzi, kuzipanga upya, kubadilisha gundi, hadi mwenzangu aliyekuwa anapita na kikombe cha chai akauliza kwa upole kama nimewahi kuziba mwanga nikatazama kinachobaki. Sikuwa nimewahi. Niliziba, na kelele ikabaki palepale.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kugusa chochote. Zima leza ya chaneli moja ya katikati. Nyingine 15 ziache zinafanya kazi. Tazama kwenye osiloskopu, kile kifaa kinachochora ishara ya umeme, kinachotoka kwenye amplifaya ya hiyo uliyoizima, uandike ukubwa wake. Kisha pitisha kizuizi cheusi kati ya bodi, utazame tena. Kilichopotea kilikuwa mwanga. Kilichobaki ni umeme. Rudia bodi ikiwa baridi, na rudia baada ya nusu saa.

Kizuizi chenyewe uwe nacho makini. Plastiki nyeusi, kitambaa cheusi na karatasi nyingi nyeusi ni nyeusi kwa macho yetu tu. Kwenye nanomita 850 rangi nyingi za aina hiyo hupitisha mwanga au huurudisha. Karatasi ya fedha ya jikoni nayo inazuia vizuri lakini ni kioo, inarudisha mwanga ndani ya leza na kuzichanganya. Chukua kibati chembamba, kipitishe juu ya utambi wa kibatari hadi kishike masizi pande zote. Masizi ni kaboni, yanameza mwanga huo bila ubaguzi. Usikiguse baada ya hapo, na usikiburute kwenye lenzi.

Kuna namna ya tatu ya kuingiliana. Sidhani kama inakusumbua sana leo, ila ndiyo inayowanyima usingizi wanaotengeneza mifumo mikubwa, na ndiyo pekee inayostahili jina hilo kwa maana ya fizikia. Hadi hapa nimejumlisha mwanga kama maji kwenye ndoo: asilimia 1 ya jirani inaongeza asilimia 1. Lakini mwanga ni wimbi. Kama tone la jirani limetoka kwenye leza ileile iliyotoa mwanga wako, linalojumlishwa ni vimo vya mawimbi. Asilimia 1 ya nguvu ni sehemu ya kumi ya kimo. Mawimbi yakipanda pamoja unapata 1.1 mara yenyewe, yaani 1.21, yakipingana unapata 0.81. Asilimia 1 imekuyumbisha kwa 20 huku na 20 kule, na mtikisiko wa nusu ya urefu wa wimbi unatosha kukutoa upande mmoja hadi wa pili.

Wewe una leza 16 zilizo mbalimbali, na hapo bahati iko upande wako. Leza mbili zikitofautiana nanomita 0.1, masafa yao yametofautiana kwa gigahezi 41. Myumbo upo, ila unakwenda kasi ambayo kipokezi chako cha gigabiti 2.5 hakiwezi kuisikia, na unajifuta wenyewe. Ili akusumbue, jirani inabidi awe ndani ya nanomita 0.005 hivi. Panapokuhusu ni kwenye mwanga wako mwenyewe unaorudi. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mwakisiko hurudisha asilimia 4. Mwanga ukigonga kioo cha upande wa kupokea, ukarudi, ukagonga kioo cha upande wa kutolea, ukaenda tena mbele, ni asilimia 0.16 tu iliyobaki. Unaipuuza? Kimo chake ni 0.04, myumbo wake ni asilimia 8 kila upande. Kama una vioo vya kufunikia, viinamishe nyuzi chache visitazamane uso kwa uso.

Mfano mkubwa ninaoujua vizuri ni swichi ya Google iitwayo Palomar, iliyomo kwenye vituo vyao vya data na kwenye TPU v4, kompyuta zao za akili bandia. Ndani yake mwanga unatoka kwenye nyuzi za kioo, unapita hewani, unapigwa na vioo vidogo mno vinavyogeuzwa kwa umeme, kisha unaingia kwenye nyuzi nyingine. Milango 136 kila upande. Ili kupunguza idadi ya milango, wakaamua kila uzi upitishe data kwenda na kurudi kwa pamoja. Ni akili nzuri, lakini bei yake ni kwamba mwakisiko mmoja tu, bila kuhitaji wa pili, unapeleka mwanga moja kwa moja kwenye kipokezi kisichoustahili. Ndiyo maana waliweka sharti kwamba mwanga unaorudi usizidi desibeli −38, na kwa kawaida wanapata −46. Desibeli −38 ni chini ya sehemu mbili kwa elfu kumi. Ukiipigia kimo unaona bado ni myumbo wa asilimia 2.5, na ishara zao za kisasa zina ngazi nne badala ya mbili, kila mwanya ni theluthi ya wako.

Mwanafunzi mwingine aliwahi kuniuliza mbona leza za Taara, mradi wa kupeleka intaneti kwa mwanga hewani, zilivuka mto Kongo mwaka 2021, kilomita 4.8 kati ya Brazzaville na Kinshasa, wakati yeye anashindwa na milimita 25. Wale wana mwali mmoja kila upande na kazi yao ni ukungu, joto la hewa na ndege wanaopita. Hawana jirani mikromita 250 pembeni.

Ukikuta sehemu kubwa imebaki baada ya kuziba mwanga, tenganisha athi ya leza na ya vipokezi, zikutane mahali pamoja tu karibu na chanzo cha umeme. Weka kapasita ndogo kabisa, karibu kabisa na chipu. Kama kiendeshi chako (sakiti inayoziwasha leza) kinaruhusu, kila leza iendeshwe kwa waya mbili zenye mikondo inayopingana, ili jumla inayopita kwenye athi isibadilike leza ikiwaka au ikizima. Ukikuta sehemu kubwa imepotea, rudi kwenye kiuno na kwenye gundi. Na hata ukikuta umeme ndio mwizi, kiuno kisogeze vilevile, kwa sababu asilimia 10 ya mwanga wako inamwagika bure.

Nitumie zile namba nne: kabla na baada ya kuziba, bodi ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Na picha ya upande wa bodi, ionyeshe athi zinakutana wapi.